Mifuko Arobaini ya Salfa

Katika kata yetu nzima, kuanzia mashamba ya korosho ya juu mpaka mabonde ya Ruvuma ambako viboko hula mpunga wetu bila kuomba, hajazaliwa mtu wa kunitetemesha mimi. Nasema hivi bila majivuno. Mimi ndiye Sudi Liundi. Kidato cha nne nimemaliza. Matokeo tuyaache, labda kuna mtu anasoma hapa huku anakula. Ni mhariri, mwandishi na mchoraji wa gazeti la ukutani liitwalo Upupu, ambalo hutoka kila Ijumaa kwenye ukuta wa mashine ya kusaga ya Salumu, kijijini Chinengo, mwendo wa saa moja na nusu kwa baiskeli kutoka Kitaya. Naliandika kwa maka peni upande wa ndani wa mifuko ya saruji, kwa sababu karatasi ya saruji ni ngumu na haina mwenyewe. Nimeshamwandika mwenyekiti wa kijiji. Nimeshamwandika imamu aliyesinzia katikati ya hotuba yake mwenyewe. Hakuna aliyenigusa.

Basi, Jumanne moja ya mwezi wa tisa mwaka 2003, akaja mtu kwa baiskeli, suruali ya kaki, begi begani, akasimama mbele ya mashine na kuuliza, "Sudi Liundi ni nani hapa?"

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, maka peni mkononi. "Sudi kavuka kwenda Msumbiji," nikamwambia. "Ana shamba la ufuta huko. Harudi leo wala kesho."

"Ndiye huyo huyo unayeongea naye," Salumu akasema kutoka ndani, bila hata kuinua kichwa kwenye pishi ya mahindi. "Usimsikilize, baba."

Yule mtu alikuwa tarishi wa mahakama. Akanipa hati ya wito, nikaweka saini, akaenda zake. Nikajaribu kuisoma. Ile karatasi ikawa inalia mkononi mwangu kwa kutikisika, krakra krakra, mpaka Salumu akazima mashine ili asikilize vizuri.

"Sudi, hebu iweke chini hiyo karatasi. Inanipigia kelele kuliko mota."

Nikaiweka juu ya gunia tukasoma wote wawili. Mdai: Mheshimiwa Amiri Nandonde, diwani. Mdaiwa: mimi. Madai: kashfa. Kwamba mnamo mwezi wa saba niliandika na kubandika hadharani maneno ya uongo yaliyomshushia heshima mbele ya wananchi. Anataka fidia ya shilingi milioni tatu, na anataka niombe radhi hadharani.

"Milioni tatu," Salumu akasema. "Wakikuuza wewe, na baiskeli, na Upupu lenyewe, wataidai mpaka kiama."

Mimi sikucheka. Lakini kilichoniuma si hizo milioni, maana mtu hawezi kuogopa kitu asichowahi kukiona. Kilichoniuma ni jina la mdai. Nandonde ni mtani wangu.

Asiye wa huku labda hajui uzito wa neno hilo. Ukoo wetu na ukoo wa kina Nandonde ni watani tangu mababu. Wakifiwa, sisi ndio tunaokwenda kuvuruga msiba. Mama yake Diwani alipofariki, miaka miwili kabla ya hayo, mimi ndiye niliyeingia kaburini nikalala chali, nikasema sitoki mpaka mfiwa anieleze lile tumbo analilisha nini. Nikasema marehemu alimzaa akiwa na meno yote thelathini na mawili, na mkunga mpaka leo hana kidole. Watu walicheka huku machozi yanatoka. Nandonde mwenyewe alicheka mpaka akashika mti, akanitupia noti ya elfu moja kule kaburini, akasema, "Toka, mbwa wewe, mama yangu alale." Baadaye alinishika bega akaniambia, "Mtani, umenipunguzia msiba." Huyo ndiye anayenipeleka mahakamani.

Na utani una adabu yake. Mjomba wangu alinifundisha nikiwa mdogo: mtani hasemi kitu kwa kipimo chake. Ukisema fulani amekula kuku mmoja wa watu, hilo ni shtaka. Mwenye kuku atakuja na panga. Sema amekula kuku mia moja, na manyoya yake, na banda. Hapo kila mtu anajua mko kwenye utani, na mwenyewe atacheka. Ukikuza, umemlinda.

Sasa nieleze salfa.

Huku kwetu mkorosho bila salfa ni kuni. Maua yakitoka, mwezi wa sita mpaka wa nane, unakuja ugonjwa wa ubwiri unga, maua yanakuwa meupe kama yamemwagiwa majivu, yanakauka, na mwaka wako umekwisha. Dawa yake ni unga wa salfa unaopulizwa kwa mashine. Mwaka ule serikali ilileta salfa ya ruzuku, ikagawiwa kupitia chama cha msingi cha ushirika, kila mkulima na mgao wake, na karani aliandika majina ya watu kwa mkaa juu ya mifuko.

Jirani yangu Bi Mwanahawa, mjane, fundi cherehani, ana mikorosho sitini aliyoachiwa na mama yake. Mgao wake mifuko minne. Akaenda kuichukua akaambiwa, "Mama, umeshachukua. Dole gumba lako hili hapa kwenye daftari." Akasema dole lake yeye analo, halijatoka mkononi tangu azaliwe. Wakamwambia arudi nyumbani, asilete siasa. Na Jumatano ya juma lile lile, shambani kwa Mheshimiwa Nandonde, chini ya turubai la bluu, ilionekana salfa yenye jina la Mwanahawa. Mikorosho ya Diwani ikapulizwa mpaka ikawa ya njano. Ya Bi Mwanahawa ikawa nyeupe.

Ijumaa iliyofuata Upupu likatoka hivi, nanukuu mwenyewe bila haya:

WANANCHI WANAOTAFUTA SALFA YAO WASIHANGAIKE. MTANI WETU MHESHIMIWA DIWANI AMEIHIFADHI SHAMBANI KWAKE, MIFUKO AROBAINI, CHINI YA TURUBAI. ANAPULIZIA KITAMBI KISISHIKWE NA UBWIRI UNGA.

Na picha nikachora. Kitambi kilichukua nusu ya karatasi.

Watu walikuja kusaga hata wasiokuwa na mahindi. Diwani mwenyewe alipita siku ya pili, akasoma, akacheka, akasema, "Sudi wewe, utakufa vibaya." Ningependa hilo liandikwe mahali: alicheka. Tatizo likaja juma la tatu, alipopita afisa kilimo kutoka wilayani. Akasimama pale, akasoma, naye akacheka. Kisha akatoa kijitabu mfukoni, akanakili. Akauliza mashamba ya Diwani yako upande gani, akaahidi kurudi na watu wa ukaguzi.

Hakurudi. Ilipokuja hati ya mahakama, Salumu alipanda lori hadi mjini kumwuliza yule afisa mambo yameishia wapi. Akajibiwa kwamba jambo liko mahakamani, haliguswi. Kesi ikiisha, wataangalia.

Umeona ufundi huo? Mtu anaulizwa salfa ya watu iko wapi. Anajibu kwa kushtaki aliyeuliza. Na swali linafungiwa kabatini kwa sababu aliyeuliza ameshtakiwa. Mimi sheria sikuisoma, lakini hesabu ya aina hiyo hata mtoto wa darasa la pili anaiona.

Nikamfuata Diwani nyumbani kwake. Ilikuwa alasiri, amekaa barazani kwenye kiti cha kamba, redio pembeni.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Leo ni Mheshimiwa? Siku zote mimi ni tumbo."

"Siku zote ulikuwa mtani. Sasa wewe ni mdai."

Akacheka kidogo, akazima redio. "Kaa, Sudi. Wewe ni kijana mwenye akili, nikueleze. Ungeyasema yale msibani, ningekupa hela ya soda. Umeyaandika. Umeyabandika. Aliyekuja kuyasoma akayanakili si mtani wangu, ni mtu wa serikali. Utani una mipaka ya wanaoujua."

"Basi mwambie ukweli huyo mtu wa serikali."

"Ukweli gani? Nina jina mimi. Nimelijenga miaka kumi na mbili. Mwaka 2005 nataka kugombea ubunge, na jina langu linafahamika mpaka Newala. Mtu kama mimi akichafuliwa, ni hasara ya kata nzima."

"Na Bi Mwanahawa?" nikamwuliza. "Kwenye mkutano wa hadhara, mwezi wa nane, ulishika kipaza sauti ukasema mikorosho yake imekufa kwa uvivu, kwamba anashona magauni badala ya kupalilia. Watu mia tatu walisikia. Ile haikuwa kashfa?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama mbuzi wake anasali.

"Mwanahawa?" akasema. "Mwanahawa ana jina gani la kuharibika? Nani anamjua?"

Sijawahi kupigwa kofi kama lile. Kumbe ndivyo ilivyo. Sisi ndio tuliompigia kura. Sisi ndio tuliolibeba jina lake begani tukilizungusha vijiji vyote, huku tunaimba, jua la saa saba linatuchoma. Sasa jina limekuwa kubwa, na kwa kuwa ni kubwa, likikwaruzwa kidogo linadai mamilioni. La Bi Mwanahawa, ambaye amelibeba peke yake maisha yake yote, amelipata hajalikopa, hilo unaweza kulipangusia miguu mbele ya watu mia tatu, na kesho ukaenda kula pilau.

"Mimi si mtu mbaya," Diwani akaendelea. "Njoo Ijumaa pale kwenye mashine. Nitakuletea kipaza sauti. Sema kwamba hakukuwa na salfa yoyote shambani kwangu, uliandika uzushi, unaomba radhi. Kesi naiondoa siku hiyo hiyo. Hata senti sitaki."

"Hakukuwa na salfa yoyote?"

"Yoyote."

"Hata mfuko mmoja?"

"Sudi, usinichoshe."

Nikasimama. Nilijua nikisema maneno hayo kwenye kipaza sauti, afisa kilimo atafunga kijitabu chake, na salfa ya Bi Mwanahawa itakuwa haijawahi kuwepo duniani. Yeye ndiye atakayebaki mwongo, yeye na dole gumba lake. Nikamwambia Diwani tutaonana mjini.

Nilipomweleza Bi Mwanahawa, alikuwa anapiga pindo la gauni la harusi ya mtu. Hakusimamisha cherehani.

"Ukisema hakukuwa na salfa," akasema, "na mimi nitakuwa nimesema nini miezi yote hii? Nimeota?"

"Sitasema, Bi Mwanahawa. Lakini nakuomba uje uwe shahidi wangu."

"Nitakuja. Nitasema nilichokiona."

"Hicho hicho."

"Basi. Nishikie hii taa."

Kesi ilisikilizwa mwezi wa kumi na moja. Tulipanda lori la alfajiri kwenda mjini, mimi na yeye, yeye mbele na dereva kwa sababu ya umri, mimi juu na magunia. Njia nzima korosho za watu zilikuwa zimeanikwa kwenye majamvi mbele ya nyumba. Tuliposhuka, Bi Mwanahawa akajipangusa vumbi. Alivaa khanga mpya, na mwaka ule hakuwa ameanika hata debe moja.

Mahakamani mdai alikuwa na wakili, Wakili Yohana, mtu mrefu, sauti kama ya kwaya. Mimi nilikuwa na mimi. Hakimu alikuwa mwanamke wa makamo, miwani puani, anaandika kila kitu kwa mkono, kwa hiyo ukiongea haraka anakuinulia kalamu. Mashahidi wakaambiwa wasubiri nje. Bi Mwanahawa akaenda kukaa kwenye benchi chini ya ukuta.

Diwani alitoa ushahidi wake. Akasema hakuwahi kuona mfuko wa mtu yeyote shambani kwake, kwamba tangu Upupu litoke hapati usingizi, na kwamba wazee wa chama chake cha siasa sasa wanamwita Salfa. Hapo nilikaribia kucheka, nikajibana. Kisha Wakili Yohana akasimama.

"Mheshimiwa hakimu, heshima ya mtu wa kawaida ni kama kibatari. Kikizimika, inaingia giza nyumba moja. Heshima ya kiongozi ni kama taa ya mnara bandarini. Ikipakwa masizi, vyombo vyote vinapotea. Ndiyo maana fidia ya mtu wa hadhi hii haiwezi kuwa sawa na ya mtu wa mitaani."

Nilitaka kuuliza mafuta ya hiyo taa ananunua nani. Hakimu akaniwahi.

"Wakili," akasema huku anaandika, "taa ya mnara imewekwa juu ili itazamwe. Aliyeomba kura za watu ameomba na macho yao."

Ukumbini watu wakaguna kwa kuridhika. Nikajiona nimeshashinda, nikaanza kupanga kichwa cha habari cha Ijumaa.

Zamu yangu ikafika. Nikaanza na utani. Nikamweleza hakimu habari za koo zetu, kaburi, noti ya elfu moja, yote. Alisikiliza mpaka mwisho, na mdomo wake ulicheza kidogo niliposema habari za mkunga.

"Mdaiwa, huo utani naufahamu, na mimi ninao watani," akasema. "Lakini nieleze. Mtu anayetoka Tandahimba kuja kusaga mahindi, atajuaje kwamba huu ni utani?"

"Ataona neno 'mtani', Mheshimiwa."

"Na kwenye maneno 'mifuko arobaini' ataona nini?"

Hakimu akaweka kalamu chini.

"Nikueleze vizuri, kwa sababu huna wakili. Mdai ni mtu wa umma. Kazi yake mna haki ya kuisema, na kwa ukali. Ungeandika kwamba ni diwani mbovu, hafai, ana tumbo, hayo ni maoni yako, na maoni juu ya kazi ya kiongozi sheria inayavumilia, mradi yamesimama juu ya jambo la kweli. Lakini kwamba salfa ya wananchi, mifuko arobaini, iko chini ya turubai lake, hayo si maoni. Hilo ni jambo. Ama lipo ama halipo. Na wewe uliyelisema ndiye wa kulithibitisha. Si yeye kulikanusha."

Unaona! Mwizi haambiwi athibitishe kwamba hakuiba. Anaambiwa aliyepiga kelele athibitishe, tena jina, na idadi, na turubai. Chama cha msingi kina daftari, karani, stoo na kufuli. Mimi nina maka peni. Karani hakuletwa. Daftari halikuletwa. Nimeletwa mimi. Damu ilinipanda mpaka masikioni. Nilimtazama Nandonde amekaa pale na koti lake, anajipepea kwa kofia, nikafikiria yale maua meupe, nikasema moyoni, leo hutoki hapa na jina lako zima.

Njia ya utani ilikuwa imefungwa. Ilibaki ya ukweli. Hakimu alitaka uthibitisho, basi nikaomba kuapa, nikashika msahafu.

"Nilichoandika ni kweli tupu," nikasema. "Niliona kwa macho yangu."

"Uliona nini?"

"Salfa, Mheshimiwa. Chini ya turubai la bluu. Nilikuwa nimejibanza nyuma ya mkorosho, na Bi Mwanahawa yuko hatua chache mbele yangu. Nikahesabu."

"Ukahesabu ngapi?"

"Arobaini."

"Una hakika?"

"Nilihesabu mara mbili."

Hakimu akaandika. Kalamu yake ilikuwa na mlio mdogo kwenye karatasi, na niliusikia mpaka nukta ya mwisho. Wakili Yohana hakuniuliza mengi. Aliniuliza siku, nikamwambia, ile Jumatano. Akaniuliza saa, nikasema mchana. Akakaa, ametulia, kama mtu anayesubiri chai yake ipoe.

Shahidi wangu akaitwa. Bi Mwanahawa akaingia taratibu, akavua ndala mlangoni, karani akamwambia avae tu, akavaa. Akaapa. Kwa kuwa sikuwa na wakili, mimi ndiye niliyemwuliza.

"Bi Mwanahawa, uliona nini shambani kwa mdai?"

"Niliona salfa, mwanangu."

"Imefunikwa na nini?"

"Turubai la bluu. Upepo ulikuwa umelifunua pembeni."

"Ilikuwa na jina?"

"Jina langu. Kwa mkaa, mwandiko wa karani. Hata kile kimkia anachoweka kwenye herufi ya mwisho kilikuwepo."

Nandonde akaacha kujipepea. Niliona kabisa uso wake umebadilika rangi, na watu wa nyuma wakaanza kunong'onezana. Salfa ilikuwa imefika mahakamani. Miezi mitano imekataliwa, imefungiwa, imeitwa uvivu, na sasa imesemwa kwa kiapo na mwenyewe.

"Sina swali lingine," nikasema haraka, nikakaa.

Wakili Yohana akasimama, akafunga kifungo cha koti.

"Pole na safari, mama. Nina maswali machache tu. Hiyo mifuko uliyoiona ilikuwa mingapi?"

"Minne."

"Minne uliyoisoma jina?"

"Minne yote iliyokuwepo. Ndiyo mgao wangu."

"Chini ya turubai hakukuwa na mingine?"

"Nililifunua lote. Nilikuwa natafuta mali yangu, baba, ningeacha kufunua? Ilikuwa minne."

"Haikuwa arobaini?"

Bi Mwanahawa akamtazama kama anavyomtazama mteja aliyeleta kitambaa cha mita moja akitaka suti. "Arobaini ya nani?"

"Mdaiwa, huyu Sudi, ameapa hapa kwamba alihesabu mifuko arobaini. Anasema alikuwa nyuma ya mkorosho, hatua chache kutoka kwako. Wewe ulimwona?"

"Nani?"

"Sudi."

"Sudi hakuwepo."

Nilijaribu kukohoa. Hakimu akaniinulia kalamu bila kunitazama.

"Una hakika, mama? Pengine alijificha."

"Ajifiche na nini? Siku ile nilimtuma mimi Mikindani, dukani kwa Mohsinali, aniletee sindano za cherehani. Aliondoka na lori la asubuhi, akarudi na la jioni." Hapo akamwacha wakili, akanigeukia mimi, na sauti yake haikuwa ya mahakamani tena, ilikuwa ile ya kibarazani kwake. "Sudi, mwanangu. Si ulikuja ukakaa pale kwangu unakula muhogo, mimi ndiye nikakusimulia? Ukaniuliza mingapi, nikakwambia minne. Ukaniuliza tena, nikakuonyesha."

"Mama, zungumza na mahakama," hakimu akasema.

"Naam." Akamgeukia hakimu. "Mheshimiwa, mimi nimetoka Chinengo kuja kusema minne. Minne imetosha kuua mikorosho yangu yote. Minne ni wizi. Sasa mtu akija kuiongeza mpaka arobaini, nani ataiamini ile minne?"

Wakili Yohana alikuwa ameshakaa. Hakuwa na haja ya kusema kitu. Nandonde aliinua kofia yake, akaanza tena kujipepea, polepole.

"Mdaiwa," hakimu akasema. "Simama."

Nikasimama. Bi Mwanahawa alikuwa bado kizimbani, mkono juu, vidole vinne vimenyooka na dole gumba limekunjwa kiganjani, ananitazama mimi.